MAJINI YANABAKI, WATU WANAKATWA! Watafsiri wa Sizoni Wanavyomlisha Kijana wa Msamvu Mifupa

Pale Msamvu, ukishavuka kipilefti na kuwaacha wapiga debe wakigombania abiria wa Dodoma na Iringa, kuna laibrari za muvi ambazo jioni hazikosi watu. Dogo anakuja na flashi yake, anataja jina la sizoni, anatoa hela, anaondoka na episodi nane mfukoni. Anaulizwa swali moja tu: "Unataka ya Kizungu au iliyotafsiriwa?" Wengi wanajibu bila hata kufikiri. Iliyotafsiriwa.

Na hapo ndipo wanapopigwa.

Maana kuna mtafsiri mmoja, jina kapuni, ambaye sauti yake inajulikana kuanzia Kihonda mpaka Mafiga. Ukiingia saluni ni yeye, ukipanda basi ni yeye, ukikaa kibanda umiza ni yeye. Sifa yake kubwa ni kuwahi. Sizoni ikitoka leo huko Marekani, yeye kesho kutwa kashaimaliza na iko sokoni. Watu wanampa maua yake, wanamwita mfalme. Lakini ukikaa ukaitazama kazi yake sambamba na ile halisi, unakuta episodi iliyotoka huko karibu saa nzima imefika Msamvu imekonda kama imetoka kuugua.

Zilizokatwa sio sehemu za vita. Za vita zipo zote, na nyingine zimerudiwa mara mbili ili jamaa apate nafasi ya kupiga kelele. Zilizokatwa ni zile ambazo watu wawili wamekaa wanaongea. Mama anamlilia mtoto. Polisi mlevi anaangalia picha ya binti yake aliyefariki. Madogo wanagombana kwa sababu mmoja kapata demu na mwingine hana. Jamaa akifika hapo anasema kitu kama "hapa wanapiga stori tu, twende mbele," na kweli anakwenda mbele.

Sasa mtu anaweza kusema, si burudani tu, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sizoni ya kisayansi ikishanyang'anywa hizo stori, kinachobaki ni majini na mwanga wa kompyuta. Watu hawapo tena. Na jini bila mtu wa kumuonea huruma halitishi, linachekesha.

TUANZE NA STEVE

Mfano ambao kila kijana wa mjini anaujua ni Stranger Things. Ilianza Netflix Julai 2016 na ikafungwa rasmi usiku wa Desemba 31, 2025. Sizoni 5, episodi 42. Kwa karibu miaka kumi watoto wale wamekua mbele ya macho ya dunia, na kuna kijana mmoja mle ndani ambaye ni darasa tosha la namna mhusika anavyojengwa. Anaitwa Steve Harrington.

Sizoni ya kwanza Steve ni bishoo mwenye nyodo. Kwao kuna hela, ana gari, ana nywele, ana demu mkali. Anavunja kamera ya mtoto wa watu. Washikaji zake wanamwandika demu wake matusi kwenye bango la sinema, na yeye yupo pale pale anawaangalia. Mtazamaji anamchukia, na ndivyo alivyotakiwa amchukie. Lakini baada ya kupigwa mtaani, Steve anawakataa wale marafiki, anarudi kufuta yale matusi kwa mikono yake, kisha anakwenda kuomba radhi nyumbani kwa yule aliyemvunjia kamera. Anafika anakutana na jini. Anakimbia hadi kwenye gari. Halafu anarudi ndani kupigana.

Hayo mabadiliko hayakushuka kutoka mbinguni. Waandishi wa sizoni yenyewe, ndugu wawili Matt na Ross Duffer, wameshaeleza kwamba Steve alipangwa awe bishoo wa kuchukiza tu, ila mwigizaji Joe Keery alivyomcheza wakaona kuna mtu mle ndani, wakampa nafasi ya kukua. Kukua kunahitaji muda. Muda ndio hizo "stori tu" ambazo mtafsiri wa Msamvu anazitupa jalalani.

Angalia sizoni ya pili, episodi ya 6. Steve na yule dogo Dustin wanatembea kwenye reli wakidondosha vipande vya nyama mbichi ili kumtega mnyama. Hawakimbii, hakuna anayekufa, hakuna mlipuko. Wanatembea na kuongea kuhusu mademu. Dustin anahangaika na binti anayempenda, Steve anamfundisha, mwisho anamvujishia siri ya nywele zake: shampuu gani anatumia na dawa gani ya kupuliza, tena anamtishia asije akamwambia mtu.

Kwa mtafsiri hiyo ni takataka. Kata.

Haya, twende mwisho wa sizoni hiyo hiyo. Shuleni kuna sherehe ya kucheza muziki. Dustin anashuka kwenye gari la Steve, nywele zimevimba juu kama keki, amejiamini mpaka basi. Anaingia ukumbini, kila binti anamkwepa. Mtazamaji aliyeona ile safari ya relini anacheka na machozi yanamlenga kwa wakati mmoja, kwa sababu anajua zile nywele zimetoka wapi, anajua dogo kaamini neno kwa neno ushauri wa kaka asiye wa damu. Mtazamaji wa Msamvu anaona tu dogo mwenye nywele za ajabu. Anauliza, "Huyu naye vipi?" Na mtafsiri, kwa kuwa alishakata, hana jibu. Anatupia utani wa kumtukana dogo sura, kibanda kizima kinacheka, maisha yanaendelea.

Hapo mtu kaibiwa, na mbaya zaidi hajui kama kaibiwa. Ametoa hela yake ileile, amebeba sizoni nusu.

MAX NA WIMBO

Mfano wa pili. Max, yule binti mwenye nywele nyekundu. Kaka yake wa kambo anakufa mwisho wa sizoni ya tatu, mwaka 2019. Sizoni ya nne ilipotoka Mei 2022, Max amekuwa mtu mwingine. Amewakwepa marafiki, ameachana na mpenzi wake, anatembea na vifaa vya kusikilizia muziki masikioni muda wote. Episodi ya kwanza yuko hivyo. Ya pili yuko hivyo. Ya tatu yuko hivyo. Wale wa "kwenda mbele" wanaona hakuna kinachoendelea.

Kinaendelea, tena kikubwa. Episodi ya nne anaandika barua za kuaga kwa kila anayempenda, anakwenda kaburini kwa kaka yake kumsomea ya kwake. Palepale lile jini linamkamata akili. Washikaji wanatambua kitu kimoja kinachoweza kumrudisha: wimbo anaoupenda. Wanamwekea masikioni. Binti anakimbia kuelekea kwenye mwanga huku kumbukumbu zake nzuri zinampitia kichwani, anaanguka chini mikononi mwa marafiki zake, mzima.

Wimbo huo ni wa Kate Bush, ulitoka mwaka 1985. Baada ya episodi ile ulifufuka na kukamata namba moja Uingereza Juni 2022.  Watu walimlilia binti waliyekaa naye kimya kwa episodi tatu, halafu wakautafuta wimbo wake. Kama Max asingekuwa na huo ukimya, ule muziki ungekuwa kelele tu kama nyingine.

Sasa huyo mfalme wa Msamvu alichofanya kwenye hiyo episodi kinatia aibu. Wakati muziki unaanza, yeye anaongea juu yake. Anaongea mwanzo mpaka mwisho. "Kimbia wewe mtoto, kimbia, jini hilo linakuja!" Kama vile watu hawana macho.

KIUKWELI, UTAFSIRI WENYEWE SIO DHAMBI

Isieleweke vibaya. Kuna wasomi wa mjini wanaodharau kila kilichotafsiriwa, wanaona ni mambo ya watu wa kijiweni. Hao nao wanazingua. Tafsiri za muvi zimefanya kazi ambayo hakuna shule iliyoifanya. Tanzania ilimpata Lufufu, jina lake halisi Derek Mukandala, mmoja wa waliofungua njia, sauti iliyokaa kichwani mwa kizazi kizima kilichokulia kwenye vibanda vya video. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Bibi asiyejua hata neno moja la Kiingereza amekaa sebuleni amefuatilia muvi ya Wachina na ya Wahindi mpaka mwisho, akalia panapoliza na kucheka panapochekesha. Hiyo ni heshima kubwa.

Tena wale wakongwe walikuwa na kitu. Walikuwa wasimulizi. Mhusika akinyamaza, msimulizi anaingia kueleza yule mtu ametoka wapi, ana kinyongo gani, kwa nini anamwangalia mwenzake vile. Walichonga, waliongeza chumvi, walibadilisha majina ya mitaa ya New York ikawa ya Kariakoo, lakini mtu alibaki mtu. Kama kuna walichokosea, walikosea kwa kuongeza.

Huyu wa sasa anakosea kwa kupunguza. Na sababu yake inajulikana, ni biashara. Laibrari zinashindana nani ana mzigo mpya. Mwenye laibrari mmoja hapo karibu na stendi hataki kusikia habari ya ubora, anataka kusikia "imetoka." Mtafsiri akichelewa siku tatu, mwenzake kashauza. Kwa hiyo jamaa anakaa mbele ya kompyuta usiku kucha, macho mekundu, anatafsiri huku ndio anaitazama kwa mara ya kwanza. Hajui episodi ya saba itadai nini kutoka episodi ya pili. Atajuaje cha kuacha na cha kukata? Anakata kwa kubahatisha, kama kinyozi aliyefunga macho.

Ishu ya hakimiliki ni kesi nyingine, COSOTA wapo na wanajua kazi yao. Hapa kesi ni ya mtazamaji. Hata kitu cha magendo, ukimuuzia mtu kilo moja, mpe kilo moja.

"LAKINI SIZONI NYINGINE ZINABOA"

Utetezi wa mtafsiri upo na ni lazima ujibiwe. Anasema watu wenyewe hawataki mambo ya polepole. Wakiona watu wanaongea dakika tano wanaanza kuchezea simu. Anasema yeye anawasaidia Wamarekani kurekebisha makosa yao.

Kuna ukweli kidogo humo. Sizoni kwenda polepole sio sifa yenyewe kwa yenyewe. Stranger Things hiyo hiyo, sizoni ya pili, episodi ya 6 inaisha watu wakiwa kwenye hatari ya kufa pale maabara. Mtazamaji kashika roho. Episodi ya 7 inaanza, na badala ya maabara anapelekwa Chicago na Eleven kukutana na genge la watu wasiojulikana vizuri. Episodi nzima. Dunia nzima ililalamika, na ilikuwa sahihi kulalamika. Genge lile halikuwa limeandaliwa vya kutosha, lilidondoshwa tu katikati ya moto.

Heroes nayo. Sizoni ya kwanza, mwaka 2006 mpaka 2007, ilikuwa na episodi 23 na ilikuwa gumzo, CD zake zilitembea mpaka Bongo. Sizoni ya pili ikaanza kuzembea. Hiro, Mjapani anayesimamisha muda, akapelekwa Japani ya kale akakaa huko weee, mpaka watu wakasahau kama yupo. Mtunzi wake Tim Kring alijitokeza mwenyewe mwaka 2007 akakiri hadharani kwamba mwendo umekuwa wa kuchosha na kwamba Hiro kakaa Japani muda mrefu kupita kiasi. Mgomo wa waandishi wa Marekani ukaja, sizoni ikaishia episodi 11. Haikurudi tena kwenye ubora wake.

Na Lost je? Sizoni ya tatu wakawaleta Nikki na Paulo, watu wawili ambao eti walikuwepo kisiwani siku zote ila hakuna aliyewaona. Mashabiki wakawakataa. Hao hawakuwa wa polepole, walikuwa wa haraka mno: wamewekwa mezani kabla ya kupikwa. Watengenezaji wakaona aibu, wakawazika wakiwa hai mwaka 2007. Kweli kabisa, walizikwa wazima kwenye stori.

Kwa hiyo kipimo sio saa ngapi imepita. Kipimo ni swali moja: baada ya tukio hili, kuna mtu amebadilika, au kuna jambo limejulikana kuhusu mtu? Reli ya Steve na Dustin jibu ni ndiyo. Chicago jibu ni kidogo sana kwa episodi nzima. Hiro Japani, episodi za mwanzo ndiyo, zilizofuata hapana. Mtafsiri angekuwa na kipimo hicho, hata kukata kungekuwa na akili. Lakini yeye kipimo chake ni kama kuna mtu anapigwa.

HATA DAKIKA 21 ZINATOSHA

Kuna wanaodhani mhusika kukua ni mambo ya sizoni ndefu zenye hela za Netflix. Majirani wameshalijibu hilo zamani.

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu ya kisayansi ya dakika 21 hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe tena, wanameza vidonge vya kuzuia ndoto. Asha anafanya kazi kwenye makumbusho ya viumbe vilivyokwisha. Siku moja analetewa udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu, inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje, wanamharibia kazi yake. Anatoroka kwa msaada wa mfanya usafi, anatembea jangwani na mche wake, na anaumwagilia mpaka tone la mwisho la maji yake mwenyewe.

Hakuna anayefungua mdomo kuongea kwenye filamu ile. Wanaongea kwa mashine. Na bado Asha anaanza kama mfanyakazi mtiifu na kumaliza kama mama wa mti. Dakika 21! Kata dakika tatu tu za yeye kuunusa ule udongo, na filamu imekufa. Atakuwa mwanamke anayekwenda jangwani bila sababu.

Julai 2023 ikaja Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni za kisayansi kutoka Afrika, zimetoka Disney+, na jina lenyewe ni la Kiswahili. Humo yumo Mganda Raymond Malinga na Herderboy yake, dogo mfugaji kwenye ulimwengu wa ng'ombe na mitambo anayetaka kuthibitisha uwezo wake mbele ya wakubwa zake. Yumo Mkenya Ng'endo Mukii na Enkai, binti mdogo wa mungu anayejifunza uwezo wake na mipaka yake. Kila moja ni kama dakika kumi hivi. Ndani ya dakika kumi mtoto anaingia na shida yake na kutoka akiwa na kitu alichojifunza.

Kwa hiyo anayesema "hakuna muda wa kujenga wahusika" anadanganya. Muda upo. Kinachokosekana ni nia.

UGONJWA UMESHAINGIA BONGO

Kama madhara yangeishia kwenye laibrari, mtu angeweza kucheka na kusonga mbele. Ila yamevuka. Yamehamia kwa wanaotengeneza.

Kuna mwandishi mmoja wa tamthilia, kijana machachari, jina linahifadhiwa, ambaye anajisifu kwamba amejifunza uandishi kwa kutazama sizoni tangu akiwa shule. Ukiangalia kazi zake unajua kabisa alitazama zipi. Alitazama zilizokatwa. Wahusika wake wanabadilika usiku mmoja bila sababu. Jumatatu baba ni katili, Jumatano ni mcha Mungu, hakuna Jumanne. Mke mdogo anakuwa mwema kwa sababu episodi zimebaki mbili. Na cha ajabu, kazi hiyo hiyo inayoruka mabadiliko ya watu inapoteza dakika nzima kuonyesha gari likiingia getini, likizunguka, likiegeshwa, mtu akishuka, akifunga mlango, akitembea mpaka sebuleni. Muda upo tele! Umetumika kwa gari badala ya kwa mtu.

Huo ndio mwendo mbovu kuliko wote: polepole pasipostahili, mbio panapotakiwa kutulia.

Aprili 2017 mastaa wa Bongo Movie waliingia mtaani Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela, kwamba zinaua soko lao. Hasira ilikuwa na msingi, hakuna anayeshindana na kitu kinachouzwa bila kulipiwa kodi wala haki. Lakini kuna swali ambalo halikuandikwa kwenye bango lolote: kwa nini dogo wa Msamvu anamkumbuka Michael Scofield wa Prison Break mpaka michoro ya mgongoni, na hakumbuki jina la mhusika hata mmoja wa muvi ya Bongo aliyoitazama wiki iliyopita? Anamkumbuka mwigizaji. Anamkumbuka gauni. Mhusika hamkumbuki, kwa sababu hakuwepo.

Na sasa ndio wakati wenyewe. Mwaka 2023 Tanzania ilipata Eonii, filamu ya kisayansi ya nyumbani, na watu wakaona kumbe inawezekana. Zitakuja nyingine, na siku sio nyingi itakuja sizoni nzima. Hofu ni kwamba wataweka kompyuta zinazong'aa, magari yanayopaa juu ya daraja la Kigamboni, mtu mwenye jicho la bluu, na wasimweke binadamu. Watasema "teknolojia yetu bado ndogo." Hapana. Pumzi ilikuwa na jangwa, binti na mche.

BONDWA HAIPANDWI KWA KURUKA

Kila aliyekaa Morogoro anaijua Bondwa. Ile minara ya kule juu ya Uluguru inaonekana ukiwa mjini, unaweza kuinyooshea kidole ukiwa umekaa kwenye bodaboda. Lakini ukitaka kufika, utapita Morningside, utapita mashamba ya mboga ya Waluguru kwenye miteremko, utaingia msituni kwenye ukungu na matope, pumzi itakukata. Ukifika juu ukageuka kuuangalia mji, unaona Msamvu ilivyo ndogo, na moyo unatulia. Sasa achukuliwe mtu na helikopta, atupwe pale kwenye minara, aambiwe "haya, furahi." Atafurahia nini? Ataona minara tu. Atasema kuna baridi, arudishwe.

Ndivyo anavyofanyiwa mtazamaji wa sizoni za kukata. Anatupwa kileleni episodi baada ya episodi, halafu wanashangaa kwa nini hashangai tena. Kila wiki anadai jini kubwa zaidi, mlipuko mkubwa zaidi, damu nyingi zaidi. Mtafsiri anasema "unaona, watu wanapenda vita." Sio kwamba wanapenda vita. Wamenyimwa kingine mpaka ulimi umekufa ganzi.

SASA WAFANYE NINI?

Mtafsiri aitazame sizoni mpaka mwisho kabla hajashika kipaza sauti. Hata kama atachelewa siku mbili. Haraka haraka haina baraka, na hii haraka yake haina hata faida, kwa sababu aliyewahi kuuza kitu nusu anajenga wateja wa nusu. Mhusika akinyamaza, naye anyamaze. Muziki ukiongea, auache uongee. Panapohitaji maelezo, aeleze mtu ana nini moyoni, kama walivyofanya wakongwe wake, badala ya kumtukana sura.

Mwenye laibrari aandike wazi: hii kamili, hii imekatwa. Muuza mafuta ya kupikia anatenganisha lita na nusu lita. Yeye anashindwa nini?

Na mtazamaji naye asijifanye hana hatia. Huyo anayepandisha video mtandaoni kwa kichwa cha habari "sizoni nzima ndani ya dakika kumi" anapata watazamaji kwa sababu wapo wanaobonyeza. Huyo anayetazama huku amesogeza mwendo mara mbili ili awahi kuposti kwamba amemaliza, amemaliza nini? Kuimaliza sizoni usiku mmoja sio sifa. Hata mende anamaliza sahani.

Mapinduzi ya kweli yataanza siku dogo mmoja, na flashi yake mkononi, atakaposimama mbele ya laibrari pale Msamvu na kuuliza: "Ile sehemu ya relini ipo?" Wakimwambia hiyo imerukwa, arudishe hela mfukoni aondoke zake. Akifanya mmoja watamcheka. Wakifanya kumi, mfalme atanunua saa ya ukutani na ataanza kuwapa watu muda wao.

Mdau, wewe ni wa "twende mbele" au wa relini? Komenti zipo wazi hapo chini, ila matusi hapana.